Kufika Mlangoni

Kitu cha kwanza alichokiona Taratibu, kabla ya rangi na kabla ya muziki, ni kwamba kitasa cha ule mlango kilikuwa upande mmoja na bawaba. Alisogeza uso karibu na skrini akaangalia tena. Bawaba kushoto, kitasa kushoto. Mlango wa namna hiyo unaweza kuusukuma mpaka bega liteguke na hauendi popote.

Alikuwa ametoka kazini muda huohuo, vumbi la mbao limemganda mpaka kwenye nyusi, na kaka yake hakumpa hata nafasi ya kunawa. Alimkalisha kwenye kiti, akamshikisha padi ya kuchezea, akamwambia acheze gemu yao tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuuliza swali.

"Na wewe usimsaidie," kaka yake alimwambia Rula. "Hata ukiona anakufa, mwache afe."

"Amekufa hapo mpaka namwonea huruma," Rula akasema. "Hilo shimo mtu analivuka amefumba macho."

"Kelele."

Rula ndiye aliyeichora gemu. Walikua naye nyumba ya pili, na jina hilo alilipata utotoni kwa sababu alikuwa hachori hata jua bila kuweka rula, jua lake likawa na pembe. Naye ndiye aliyempa Taratibu jina lake, kwa kuwa binti yule hakuwa na haraka na kitu chochote, si kula, si kujibu, si kuvuka barabara. Majina yao ya kweli yalibaki kwenye vyeti vya kuzaliwa, yamepumzika.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya Shangazi kabla kaka yake hajaacha kazi ya kufundisha kompyuta na kuhamia humo na mashine zake. Magunia yalitolewa. Harufu ya vitunguu ilikataa kuhama.

Gemu ilimhusu tarishi mfupi aliyebeba baiskeli begani. Haipandi hata mara moja. Anaisimika ukutani na kuikwea kama ngazi, anailaza juu ya mashimo na kupita, mbwa akija anajikinga nayo. Mkobani ana kifurushi, na anavuka mapaa na mifereji na viwanda vinavyotema moto mpaka afike mbele ya mlango wa kijani. Kila kitu kilichorwa kwa vipande vya mraba, kama vigae, na muziki ulikuwa wa milio myembamba, kama saa ya mkononi inayojaribu kuimba. Walifanya hivyo makusudi. Walitaka ifanane na gemu za zamani za kuchomeka kwenye TV, zile za kaseti, walizokua nazo.

Taratibu alipoufikia ule mlango, maneno makubwa meupe yalijitokeza: UMEFIKA MLANGONI. Muziki ukakatika. Ikarudi mwanzo.

"Enhe," kaka yake akasema. "Umeonaje?"

"Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana."

"Huyu ukimwonyesha nyumba inaungua atakwambia moto mzuri," Rula akasema.

Taratibu alicheka kidogo, akaangalia padi. "Mlango wenu hautafunguka," akasema, akiwa na maana ya kitasa.

"Haufunguki," kaka yake akamjibu kwa furaha. "Ndiyo mwisho wenyewe."

Taratibu akaliacha hapohapo.

Mtu wa nje asingeuelewa mwisho huo, lakini wao watatu waliuelewa. Utotoni walikuwa na kaseti moja tu. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduka, wakaiita Bwana Ngazi, kwa sababu mle ndani mlikuwa na mtu mwenye ngazi anayekimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye hatua ya mwisho Bwana Ngazi alifika mbele ya mlango, na mlango haukufunguka. Walibonyeza kila kitufe. Waliruka, waliupiga kwa ngazi, waliupiga kwa kichwa. Padi ilikuwa moja na watoto watatu, kwa hiyo aliyefika pale alipewa muda mfupi wa kuhangaika, halafu wenzake wakaanza kumvuta shati: lete, zamu yangu, lete. Wakaamua kwamba kaseti ilikuwa ya kunakili na mwisho wake umekatwa. Kufika mlangoni ndiyo kukawa kushinda.

Neno likahama kutoka kwenye TV likaingia nyumbani. Mtu akimaliza kufua, amefika mlangoni. Chakula kikiisha sufuriani, kimefika mlangoni. Rula alipoachwa na mchumba wake wa kwanza alikuja kukaa kwenye ngazi za nje, na alipoulizwa kulikoni alisema, "Tumefika mlangoni," na hakuna aliyemuuliza zaidi. Na siku ya kumzika mama yao, kaka yake, ambaye alikuwa bado na sare za shule, alisema kwa sauti ndogo pembeni ya kaburi, "Mama amefika mlangoni." Watu wazima waliokuwa karibu walidhani ni maneno ya dini, wakaitikia.

Msambazaji alipiga simu ya video katikati ya juma. Alikuwa mama mmoja mwenye kampuni ya kuuza gemu za watengenezaji wadogo, mwenye miwani juu ya kichwa na nyingine machoni. Kaka yake na Rula walikuwa wamevaa mashati ya kola na chini wamevaa bukta. Taratibu alikuwa na siku ya mapumziko, amekaa nyuma ya mlango wa stoo ambapo kamera haimfikii, na Shangazi alikuwa ukumbini, redio imezimwa ili asikie vizuri.

"Vijana wangu, nimeipenda," msambazaji akasema. "Baiskeli inanichekesha kila mara. Lakini nimewapa watu waijaribu, na wote wameniandikia neno moja. Mnajua neno gani?"

"Neno gani, mama?" kaka yake akauliza.

"Kisha?"

Vijana wakatazamana.

"Tarishi amebeba kifurushi hatua zote zile," mama yule akaendelea. "Ameng'atwa na mbwa, ameungua, amefika, halafu hakuna wa kukipokea? Watu wanadhani imeharibika. Siwezi kuuza kitu ambacho mteja akikimaliza anadhani kimeharibika. Jumatatu nafunga orodha yangu ya mwaka huu. Nileteeni mwisho, nitawaweka. Mkikosa, basi, tutasalimiana tu."

Aliaga vizuri, akawatakia kazi njema. Skrini ilipozimika, Rula alivua shati la kola akabaki na fulana.

"Tunampa mwisho," akasema. "Hata leo. Nikichora usiku mmoja tu nina miisho kumi."

"Hatumpi," kaka yake akasema.

"Unasemaje?"

"Ule ndio mwisho. Tangu siku ya kwanza tulikubaliana. Tulisema tunatengeneza gemu yetu, vile tulivyoicheza sisi."

"Tulikubaliana kabla mke wangu hajawa na tumbo," Rula akasema. Hakupandisha sauti. "Karakana ya mabango wananisubiri na wao. Jumatatu hiyohiyo. Nikichora pale nitapata mshahara, na nikichora hapa napata harufu ya vitunguu. Nimevumilia kwa sababu nilijua tunaelekea mahali."

Taratibu, nyuma ya mlango, alimwona kaka yake anavyokuna kiganja, na alijua anaogopa. Kaka yake alijua kuiambia mashine ifanye nini, lakini kuchora hakukujua, hata yai lake lilikuwa linafanana na kiazi. Rula akienda kwenye mabango, tarishi hatavuka tena shimo lolote. Na kazi ya kufundisha kompyuta walishampa mtu mwingine.

Shangazi akaingiza kichwa. "Samahani, nimesikia bila kusikiliza. Mlango usiofunguka mimi nauita ukuta. Mngechora ukuta mkapumzika."

"Shangazi, tafadhali," kaka yake akasema.

"Mimi nimeshatoka."

Siku zilizofuata Rula alichora miisho. Hakuelewana na mwenzake, lakini mkono wake haukuweza kukaa. Alichora mfalme anayempokea tarishi na kumvika taji. Alichora fataki. Alichora kifurushi kinafunguliwa na ndani yake mmejaa dhahabu, halafu bibi harusi, halafu mapacha, na hapo ikaonekana wazi mawazo yake yako nyumbani kwake. Kila mchoro aliuleta, na kila mchoro kaka yake aliuangalia kwa heshima na kutikisa kichwa.

"Nikiweka mfalme nitakuwa nimetunga," alisema.

"Na mtu anayekwea baiskeli ulimkuta wapi? Sokoni?"

"Huyo ni wetu. Lakini ule mlango niliukuta umefungwa, Rula. Sijui kuna nini ndani. Nikiweka chochote nitajua ni uongo, na kila atakayecheza atajua."

"Hakuna atakayejua. Wewe tu."

"Basi mimi."

Taratibu aliyasikia hayo akiwa anapita na ndoo. Alisimama kidogo, akaendelea na ndoo yake.

Kazi yake ilikuwa kwenye karakana ya samani, upande wa msasa na vanishi. Mafundi walikata na kuunga, na yeye alipokea mlango au kabati likiwa bado na nywele za mbao, akalisugua mpaka likakubali kupitishwa kiganja. Alikuwa akiipenda kazi hiyo kwa sababu haikuhitaji maneno. Ijumaa ile alikuwa amepewa mlango wa mninga, mzito, wa mteja mwenye haraka, na alisugua sehemu moja mpaka Fundi Mkuu akaja kusimama juu yake.

"Binti, leo unapiga msasa au unabembeleza mtoto?"

"Nasugua, fundi."

"Unasugua palepale tangu nimeondoka kunywa chai. Utatoboa upande wa pili tuuze dirisha."

Alihamia sehemu nyingine. Lakini mawazo hayakuhama, kwa sababu alikuwa anajua kilichokuwa nyuma ya ule mlango. Aliwahi kuingia.

Ilikuwa mwaka ule mama alipolala kwa ugonjwa. Baba alikuwa safarini na malori, Shangazi alikuwa bado anaishi mbali. Hakuna aliyemwamuru Taratibu aache shule. Asubuhi moja mama alishindwa kunyanyuka, mtu mmoja ilibidi abaki, na kaka yake alikuwa ameshafika barabarani wakati yeye bado anafunga viatu. Kesho yake akabaki tena, kwa kuwa ameshajua dawa zinapokaa. Baadaye ikawa ndiyo kazi yake. Alikuwa darasa la tano, na hakumaliza hilo wala hakuona la sita.

TV ilikuwa chumbani kwa mama. Mama alikuwa akipenda kuona kitu kinatembea, hata bila sauti, na sauti ilimuumiza kichwa. Basi kazi za asubuhi zikiisha, Taratibu aliketi chini karibu na kitanda na kucheza Bwana Ngazi kimyakimya. Hapakuwa na wa kumvuta shati. Alikufa, akaanza upya, akafa, akaanza upya, mama akimwangalia kwa jicho moja. Na siku moja, jua likiwa juu, alifika mlangoni peke yake.

Hakuwa na mtu wa kumwambia amefika. Alibonyeza mara moja, kama kupiga hodi. Mama akasema, "Maji, mwanangu."

Aliiweka padi sakafuni. Akaenda jikoni. Maji yalikuwa ya moto, akayamimina kikombe kwa kikombe mpaka yakapoa. Akarudi, akamnyanyua mama shingo, akamnywesha, akamgeuza upande wa dirisha na kumrekebishia mto. Alipogeuka kuitafuta padi, mlango ulikuwa wazi.

Haukuwa umevunjwa. Ulikuwa wazi tu, kama mlango wa mtu aliyeko nyumbani.

Alishika padi kwa ncha za vidole akamwingiza Bwana Ngazi ndani. Palikuwa na chumba kidogo, dirisha, na kiti. Hakuna zaidi. Bwana Ngazi, bila kubonyezwa, aliegemeza ngazi yake ukutani, akaenda kwenye kiti, akakaa. Juu yake yakaandikwa maneno ya lugha asiyoijua, mstari mmoja, yakafutika. Yeye akabaki amekaa.

"Afadhali amekaa, maskini," mama akasema kitandani. "Nilikuwa nachoka mimi."

Taratibu alicheka mpaka akajiziba mdomo, na mama naye akacheka, kicheko kisicho na nguvu, cha pumzi tu. Walimwangalia yule mtu amekaa mpaka mama aliposinzia. Mchana wote alitunga namna ya kuwaambia wenzake. Alitunga akiwa anafua, alitunga akiwa anaanika. Halafu wakarudi. Waliingia na vumbi la uwanja wa shule, kaka yake akarusha begi, Rula akaanza kumwigiza mwalimu wa hesabu anavyotembea kama aliyekanyaga msumari, na wakazungumzia watu ambao Taratibu hakuwajua tena.

"Leo zamu yangu, leo nafika mlangoni," kaka yake akasema akiwasha TV. Ndipo akamkumbuka. "Wewe umeshindaje?"

"Nimefua," akasema.

Hakulisema siku ile, na baada ya mazishi likawa gumu zaidi, kwa sababu ya lile neno la kaka yake pale kaburini. Kaseti yenyewe mtu aliiazima na hakuirudisha.

Fundi Mkuu akapita tena. "Sasa umesimama kabisa."

"Nakuja, fundi," akasema, ingawa alikuwa palepale.

Jumapili mchana Rula alikuja kuchukua vitu vyake. Hakuja kwa ugomvi. Alikunja waya zake moja moja, akaufunga ule ubao wake wa kuchorea kwenye shuka, akaomba mfuko. Mke wake alikuwa amempigia mara mbili kuuliza kama wamemaliza kuagana. Kaka yake alikuwa ameketi mbele ya kompyuta na barua ya kumjibu msambazaji, yenye mstari mmoja wa salamu na mwingine wa kushukuru, ameshindwa kuibonyeza iende.

"Mabango pia ni michoro," Rula alikuwa anasema. "Nitachora sabuni. Nitachora meno. Ukiona meno makubwa barabarani ujue ni mimi."

"Utaweka rula kwenye meno?"

"Yatanyooka kuliko ya kwako."

Walicheka wote wawili bila kutazamana. Taratibu alikuwa amesimama mlangoni na ule mfuko aliotumwa. Aliingia, akaupitisha mkono katikati yao, akachukua padi mezani.

"Naomba nicheze mara moja," akasema.

Kaka yake alisogea. Hakukuwa na sababu ya kumkatalia. Akaanza mwanzo kabisa, kwenye lile shimo, akafa, Rula akaguna, akaanza tena. Aliendesha tarishi kama anavyotembea yeye mwenyewe, kila ukuta akiuangalia kwanza. Rula aliketi kwenye kiti chake. Shangazi alikuja na sinia la mchele anaochambua, akasimama. Rula alisema mara moja, "Mbwa huyo, mbwa huyo," na Shangazi akauliza kwa nini yule kijana hapandi baiskeli yake kama watu wengine.

Tarishi alifika mbele ya mlango wa kijani, hatua moja kabla ya kuugusa. Taratibu aliinama, akaiweka padi sakafuni.

Wakangoja.

"Umechoka?" kaka yake akauliza. "Bado kuugusa tu."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Hakuna kitu hapo. Mimi ndiye niliyeiandika, hakuna kitu."

"Najua hapa hakuna," Taratibu akasema. "Kwenye ile nyingine ndivyo ulivyofunguka."

Kaka yake alimgeukia. Rula akakaa wima.

"Nyingine ipi?"

"Bwana Ngazi. Ulikuwa haupigwi. Unaacha padi, unamwacha asimame, unafunguka wenyewe. Mimi niliiacha nikaenda kumpa mama maji. Niliporudi ulikuwa wazi."

"Unatania," Rula akasema, halafu akamwangalia, na hakuwa amewahi kumwona anatania. "Hatanii huyu. Bwana wee, hatanii."

"Ndani kuna nini?" kaka yake akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayevuta shati la mtu.

"Kiti."

"Kiti tu?"

"Na dirisha. Aliweka ngazi ukutani akakaa. Kukawa na maandishi, sikuyajua. Mama akasema afadhali amekaa, alikuwa anachoka yeye kumwangalia."

Shangazi aliliweka sinia juu ya kabati. "Huyo ndiye mwenyewe," akasema. "Hayo ni maneno yake kabisa." Kisha akatoka, na wakamsikia anapenga kamasi jikoni.

Kaka yake alikaa na mikono juu ya magoti. Ilionekana kuna mengi yanapita usoni mwake na hakuna hata moja lililokaa. "Siku ya mazishi nilisema lile neno," akasema. "Ulikuwa umesimama pembeni yangu. Ulijua mlango unafunguka, na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Sisi tulikuwa tunaupiga kwa kichwa," Rula akasema polepole, kama anayeongea na ukuta. "Miaka yote ile. Kwa kichwa. Na ulikuwa unataka tukae kimya. Watoto watatu, padi moja. Nani angekaa kimya?" Akaanza kucheka, akainama, akacheka mpaka akashika ubavu, na alipomaliza alikuwa ameshaifungua ile shuka na ubao wake wa kuchorea uko mapajani. "Niambie kiti kilikuwaje. Kina mikono au hakina?"

"Hakina. Cha kawaida."

"Na dirisha lilikuwa upande gani?"

"Kulia. Na Rula, kitasa."

"Kitasa kimefanyaje?"

"Kiko upande wa bawaba. Nilikiona siku ya kwanza."

Rula aliitazama skrini kwa muda. "Si nilijua haufunguki," akasema, akaanza kukihamisha.

Kaka yake aliifuta ile barua. Akafungua ukurasa mwingine, ule wenye maandishi ya rangi rangi anayoyajua yeye, akashika kiuno, akashusha pumzi. "Tarishi asimame muda gani kabla haujafunguka? Nipe muda."

Taratibu alifikiri. "Muda wa kupoza maji ya moto," akasema. "Na kumnywesha mtu, na kumgeuza."

"Ni mrefu huo. Watu wataondoka."

"Wengine watarudi," akasema.

Kaka yake aliandika. Rula alichora kiti kwa rula, akakifuta, akakichora tena kwa mkono mtupu, kikapinda kidogo, akakiacha. Simu yake iliita, akaipokea kwa bega: "Mama watoto, bado. Hapana, hatugombani. Hapana, sirudi na vitu." Waliamua kifurushi kiwekwe chini karibu na mlango, na baiskeli iegemezwe ukutani, na tarishi akae. Waliamua kusiwe na fataki. Kaka yake alisema msambazaji akiuliza "Kisha?" watamwambia aweke padi chini.

Jioni ilipokaribia walijaribu. Tarishi alifika, wakaiacha padi sakafuni, wakakunja mikono. Hata Shangazi alikaa. Rula alitikisa mguu, kaka yake akamkanyaga. Kisha mlango wa kijani ukafunguka kutoka upande wake sahihi, na ndani mwanga ukaonekana, na hakuna aliyesema kitu mpaka yule mtu mdogo alipokaa.

Rula alitoka kwenda kumpigia mke wake vizuri. Shangazi alikwenda kwenye mchele wake. Kaka yake alibaki anabonyeza hapa na pale, mgongo wake ukiwa kwa Taratibu, na alipouliza, aliuliza akiwa amegeukia skrini.

"Lakini kwa nini hukuniambia? Si siku ya mazishi. Ile siku yenyewe. Niliporudi."

Angeweza kusema kwamba wasingemwamini. Angeweza kusema ni aibu zake tu, na kaka yake angekubali, kwa sababu hilo kila mtu alikuwa anakubali. Alikaa kwenye kiti cha Rula, ambacho bado kilikuwa na joto.

"Nyinyi mlikuwa mnarudi na kila kitu," Taratibu akasema. "Mnarudi na nyimbo, na majina ya walimu, na maneno ambayo mimi siyajui. Mimi mnanikuta na ndoo. Siku ile nilikuwa na kitu ambacho nyinyi hamna. Mlipoingia na mabegi yenu, nilifurahi kwamba hamkuwepo. Nilifurahi mpaka leo."